KIJIDUDU NDANI YA MBU
Somo la Afya kwa Wanachama



Somo letu la mara hii lahusu afya, na hasa homa zinazoletwa na mbu wa mchana. Huenda mwanachama akauliza: homa na karafuu zina uhusiano gani? Jawabu ni jepesi. Karafuu haimngoji mtu. Vishada vikishaingia wekundu yapasa vichumwe kabla tumba hazijachanua, na siku hizo chache ndizo anazozitegemea mkulima kwa mwaka mzima. Maradhi yanayomlaza mchumaji wiki nzima, kisha yakamwacha na viungo vinavyouma hata hawezi kupanda mti, ni hasara ya shamba kama yalivyo taabu ya nyumba.

Mabingwa wa elimu ya wadudu wamepata njia mpya ya kuzizuia homa hizo. Huwatia mbu kijidudu kidogo sana, kisha huwaachia mbu hao wakaoane na mbu wa mtaani. Mtu akiisikia khabari hii kwa mara ya kwanza hushangaa. Vipi tuongezewe mbu ili tupunguziwe maradhi? Somo hili litalieleza jambo hilo hatua kwa hatua, ili kila mwanachama apime mwenyewe ukweli wake, manufaa yake na mipaka yake.

1. HOMA ZENYEWE

Homa tunazozisema ni dengue, chikungunya, Zika na homa ya manjano. Zote huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno kuliko bakteria, ambavyo haviwezi kuzaana ila ndani ya chembe za kiumbe kilicho hai. Mchukuzi wao mkubwa ni mbu mmoja, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti. Ni mbu mweusi mwenye madoa meupe mwilini na mapete meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na hupenda kukaa karibu na watu, ndani ya nyumba na uani.

Homa hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1870, miaka miwili kabla ya tufani kubwa iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja, homa ya kuvunja viungo ilienea Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa wakati huo, aliandika kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka homa kama hiyo iliyopita kiasi cha mwaka 1823. Wako wataalamu wasemao kuwa jina la dengue, linalotumika leo duniani kote, asili yake ni neno hilo la Kiswahili. Wengine, kwa kuzitazama dalili alizoziandika daktari huyo, huona kuwa homa ile huenda ilikuwa chikungunya. Chikungunya nayo ilijulikana kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, katika nchi ya Wamakonde, mwaka 1952 na 1953, na jina lake latokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Virusi vya Zika viligunduliwa katika msitu wa Zika, Uganda, mwaka 1947. Na dengue iliingia Dar es Salaam kwa nguvu mwaka 2014, ikarudi tena mwaka 2019.

Virusi vya dengue ni vya namna nne. Mtu aliyepona namna moja anaweza kushikwa na nyingine, na mara ya pili yaweza kuwa kali zaidi kuliko ya kwanza. Hakuna dawa maalum inayoviua virusi hivi mwilini. Mganga humsaidia mgonjwa mpaka mwili wake ushinde wenyewe. Kwa sababu hiyo watu wamekuwa wakipigana na mbu kwa kupiga dawa na kumwaga maji. Kazi hiyo ni njema, lakini mbu wa mahali pengi wameizoea dawa, na kifuu kimoja kilichosahauliwa nyuma ya nyumba chatosha kuzaa mbu wengi.

2. SAFARI YA VIRUSI NDANI YA MBU

Watu wengi hudhani kuwa mbu huchukua ugonjwa kama sindano chafu, yaani humuuma mgonjwa, kisha papo hapo akamwambukiza mwingine. Sivyo. Mbu jike anapofyonza damu yenye virusi, virusi huingia tumboni mwake. Huko lazima viingie katika chembe za mwili wake, vizaane, visafiri mwilini, mpaka vifike katika tezi za mate. Safari hiyo huchukua kiasi cha siku nane hadi kumi na mbili. Ikiisha, ndipo kila mbu huyo anapouma huingiza virusi pamoja na mate yake.

Hapa ndipo mabingwa walipopaona mlango. Ikiwa virusi vitazuiwa kuzaana ndani ya mbu, basi mbu ataendelea kuishi na kuuma, lakini atauma bure. Hatakuwa na kitu cha kumpa mtu ila muwasho.

3. WOLBAKIA NI KITU GANI?

Kijidudu kinachoweza kufanya kazi hiyo ni bakteria aitwaye wolbakia. Kiligunduliwa mwaka 1924 huko Boston, Marekani, na wataalamu wawili, Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach, ndani ya mbu wa kawaida aina ya Kuleksi. Mwaka 1936 Hertig alikipa jina kwa heshima ya mwenzake. Tangu siku hizo imeonekana kuwa wolbakia imo katika kiasi cha nusu ya aina zote za wadudu duniani. Vipepeo wanayo, na hata visubi vinavyozunguka ndizi na maembe yaliyoiva sana wengi wao wanayo. Huishi ndani ya chembe za mdudu, na mama huwarithisha watoto kupitia yai. Baba hawezi kumrithisha mtoto.

Mkulima wa karafuu akisikia habari ya bakteria na wadudu hana budi kuwa na hofu. Kule Indonesia yako maradhi yaitwayo maradhi ya Sumatra, ambayo huua mikarafuu mikubwa. Huletwa na bakteria wakaao ndani ya mti, na huchukuliwa mti kwa mti na wadudu wafyonzao maji ya mti. Huko mdudu na bakteria wake wameungana kuwa adui. Katika somo letu la leo bakteria amekaa ndani ya mdudu, na humzuia mdudu huyo asichukue ugonjwa.

Je, chaweza kumdhuru mtu? Wolbakia haiwezi kuishi nje ya chembe za wadudu na jamaa zao, na minyoo fulani. Tena mbu wa Kuleksi, yule anayezaliwa katika mashimo ya vyoo na maji machafu na kutusumbua usiku, anayo wolbakia yake ya asili. Ametuuma sisi, na wazee wetu kabla yetu, wala hakuna mtu aliyepata kuugua wolbakia. Ila Aedes aegypti, mbu wa dengue, kwa asili hana. Ilibidi atiwe.

4. NDOA ZA MBU

Sasa tufike kwenye jambo la ajabu kuliko yote. Wolbakia hujieneza yenyewe kwa njia ya ndoa. Tazama ndoa nne zinazoweza kutokea:

(a) Dume hana, jike hana: mayai huanguliwa, watoto hawana.
(b) Dume hana, jike anayo: mayai huanguliwa, watoto wote wanayo.
(c) Dume anayo, jike anayo: mayai huanguliwa, watoto wote wanayo.
(d) Dume anayo, jike hana: mayai hayaanguliwi kabisa.

Sababu ya ndoa ya nne ni kuwa wolbakia iliyomo katika dume huzifunga mbegu zake kama kwa kufuli, na ufunguo umo ndani ya yai lenye wolbakia tu. Yai lisilo na ufunguo huharibika.

Hebu pigeni hesabu. Jike mwenye wolbakia hupata watoto kwa dume yeyote. Jike asiye nayo hupoteza mayai yake kila akikutana na dume mwenye nayo. Basi kila kizazi kinapopita, wenye wolbakia huzidi na wasio nayo hupungua, mpaka karibu mbu wote wa mahali pale huwa nayo. Lakini lazima mwanzo waachiwe wa kutosha. Wakiachiwa wachache watapotea katikati ya wengi.

Kutokana na ndoa hizo zimepatikana njia mbili za kazi. Ya kwanza ni kuachia madume peke yao, ili mayai ya majike wa mtaani yaharibike na mbu wapungue. Njia hii alijaribu mtaalamu wa Kijerumani Hannes Laven katika kijiji cha Okpo, karibu na Rangoon, Burma, na mwaka 1967 alitangaza kuwa mbu wa Kuleksi wa kijiji kile walikuwa wamekwisha. Leo Singapore hutumia njia hiyo kwa mbu wa dengue. Madume hawaumi mtu, lakini lazima waachiwe mfululizo, kwani kazi ikisimama mbu hurudi. Njia ya pili ni kuachia madume na majike pamoja, ili mbu wa mahali wabadilike wote. Njia hii hufanywa kwa miezi kadhaa, kisha mbu wenyewe huiendeleza. Hiyo ndiyo tutakayoifuata katika somo hili.

5. KAZI YA MIAKA MINGI

Isidhaniwe kuwa jambo hili lilipatikana kwa siku moja. Kumtia mbu wolbakia ilibidi watu wayachome mayai ya mbu kwa sindano nyembamba za kioo, yai moja moja, maelfu kwa maelfu, na mengi yalikufa. Scott O'Neill wa Australia na wenzake walishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Mawazo yao ya kwanza yalikuwa kutumia aina ya wolbakia inayofupisha umri wa mbu, ili afe kabla ya virusi kufika mateni. Mwaka 2009 walionyesha kuwa mbu waliotiwa aina hiyo waliishi kiasi cha nusu ya umri wao. Lakini walipoachiwa katika kisiwa cha Tri Nguyen huko Vietnam, na katika vijiji viwili vya Australia, hawakudumu. Mbu dhaifu hakuweza kushindana na mbu mzima.

Katika muda huo huo neema nyingine ilionekana. Mwaka 2008 iligunduliwa kuwa wolbakia huwakinga visubi wa matunda na virusi, na mwaka 2009 ikaonekana kuwa hata ndani ya Aedes aegypti huzuia dengue na chikungunya. Sababu zinazotajwa ni mbili: wolbakia hugombea na virusi mafuta na vyakula vilivyomo ndani ya chembe, na pia huamsha ulinzi wa mwili wa mbu. Basi ikachaguliwa aina nyepesi zaidi, isiyomdhuru mbu sana lakini inayozuia virusi. Januari mwaka 2011 mbu wenye aina hiyo waliachiwa katika vitongoji viwili karibu na mji wa Cairns, kaskazini mwa Australia. Kwa muda wa miezi michache walikuwa wamewashinda mbu wa zamani. Kazi ikaenea Cairns, Townsville na miji mingine, na dengue ya kuambukizwa huko huko ilikaribia kutoweka.

6. USHAHIDI WA YOGYAKARTA

Mtu mwenye akili huuliza: pengine dengue ilipungua yenyewe? Homa hii ina miaka yake, kama karafuu zilivyo na mwaka wa neema na mwaka wa uhaba. Ili kuondoa shaka hiyo jaribio kubwa lilifanywa katika mji wa Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, Indonesia. Nchi hiyo ndiyo asili ya mkarafuu, uliotoka visiwa vyake vya Maluku, na ni nchi ambayo dengue huwashika watu kila mwaka.

Jaribio liliongozwa na Profesa Adi Utarini wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada. Mji uligawanywa mitaa 24. Ikapigwa kura: mitaa 12 ipewe mbu wenye wolbakia, na mitaa 12 iachwe ilivyo. Mwaka 2017 ndoo ndogo zenye maji, mayai ya mbu na chakula kidogo cha samaki ziliwekwa katika nyua za watu waliokubali, zikabadilishwa kila wiki mbili. Mbu walianguliwa humo, wakatoka kwa matundu ya ndoo wakaingia mtaani.

Kuanzia Januari 2018 hadi Machi 2020, watu wa miaka 3 hadi 45 waliofika katika vituo vya afya kwa homa walipimwa damu. Katika wale wa mitaa yenye wolbakia, watu 2,905, walioonekana na dengue ni 67. Katika wale wa mitaa mingine, watu 3,401, walioonekana na dengue ni 318. Yaani katika kila mia, huku wawili na kitu, kule tisa na kitu. Mabingwa walihesabu kuwa dengue ilipungua kwa asilimia 77, na wagonjwa wa dengue waliolazwa hospitali walipungua kwa asilimia 86. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Wanachama waangalie kuwa mitaa yote ilikuwa ya mji mmoja, mvua moja na miaka ile ile. Hakukuwa na mwaka wa neema kwa mtaa mmoja na wa uhaba kwa jirani yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuwa kazi ile isingewezekana bila ya ridhaa ya wenye nyumba. Kabla ya ndoo ya kwanza kuwekwa, watu walikwenda mitaani kueleza, kusikiliza na kuomba idhini. Mtu asiyeelewa angeimwaga ndoo au kuipiga dawa, na haki yake. Hakuna serikali iwezayo kumlazimisha mtu kufuga mbu uani kwake kwa siri. Elimu ndiyo iliyofungua milango.

7. MIPAKA YAKE

Ni wajibu wa somo kusema na yasiyowezekana.

Kwanza, njia hii si ya malaria. Malaria huchukuliwa na mbu wa Anofelesi, naye huuma usiku. Chandarua na dawa ya ukutani zibaki pale pale. Wala si ya matende, kwani Kuleksi anayechukua matende ana wolbakia yake tangu zamani, nayo haikumzuia.

Pili, joto laweza kuidhoofisha. Viluwiluwi vya mbu vikikulia katika maji yaliyopigwa na jua kali, aina iliyotumika Yogyakarta hupungua ndani yao. Kwa hiyo Kuala Lumpur, Malaysia, walichagua aina nyingine inayovumilia joto, na dengue ilipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Ni nafuu, lakini si sawa na Yogyakarta.

Tatu, mbu wa kuachiwa lazima afanane na mbu wa mahali. Rio de Janeiro, Brazil, mbu wa kwanza kuachiwa hawakudumu, kwa sababu mbu wa mtaani walikuwa wameizoea dawa ya nyumbani na wale wageni hawakuizoea. Walipozalishwa wageni wenye nguvu ile ile ya kuvumilia dawa, walishika.

Nne, kuumwa na mbu hakuondoki, na kwa wiki kadhaa za mwanzo mbu huweza kuonekana zaidi. Tano, virusi navyo ni viumbe vinavyobadilika, kwa hiyo penye kazi hii lazima mbu na wagonjwa waendelee kupimwa mwaka baada ya mwaka.

8. WAJIBU WETU WA SASA

Mtu asikae akingoja ndoo ya mbu. Mbu wa dengue huzaliwa katika maji safi yaliyotuama karibu na nyumba: mapipa, mitungi, makopo, vifuu, mipira ya gari iliyotupwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kiasi cha siku saba hadi kumi. Kwa hiyo wekeni siku moja katika wiki ya kumwaga maji yote yasiyofunikwa. Pipa lisimwagwe tu, lisuguliwe kwa ndani, kwani mayai hushika ukutani juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakangoja mvua. Vifuu na makopo vifukiwe au vipinduliwe. Kabla ya msimu wa kuchuma, mwenye shamba akague kambi za wachumaji kama anavyokagua majamvi ya kuanikia.

Mtu akishikwa na homa apelekwe kituo cha afya apimwe, kwani malaria na dengue hufanana mwanzoni. Ikishukiwa dengue asipewe aspirini wala ibuprofeni, maana huzidisha hatari ya kutoka damu. Parasetamoli kwa kipimo chake na maji ya kunywa kwa wingi ndiyo salama. Akitapika mfululizo, akiumwa sana na tumbo, akitoka damu puani au katika ufizi, au akilegea baada ya homa kushuka, apelekwe hospitali pasipo kukawia.

Na ikiwa siku moja watu watakuja kueleza juu ya mbu wenye wolbakia, wanachama wasiwapokee kwa uvumi wala wasiwakubalie kwa adabu tu. Wawaulize: Ni aina gani ya wolbakia, na yavumilia joto la kwetu? Mbu hawa wamezalishwa kutokana na mbu wa visiwa vyetu? Mtawaachia wangapi, kwa muda gani? Nani atapima wagonjwa kabla na baada? Na asiyetaka ndoo uani kwake, haki yake italindwaje? Mwenye kazi ya kweli hatachukizwa na maswali hayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA MATAWINI

1. Kwa nini mbu aliyemuuma mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu mwingine leo hii?
2. Katika ndoa nne za mbu, ipi inayowapunguza mbu wasio na wolbakia? Elezeni sababu.
3. Kwa nini mitaa ya Yogyakarta ilipigiwa kura, badala ya kuchagua ile yenye dengue nyingi?
4. Tajeni vitu vitano vinavyotuamisha maji katika nyumba na kambi za tawi lenu. Nani atavishughulikia, na siku gani?